Nandimba Walisikia

"Umerudia," alisema Mwalimu Kulwa, akiigonga karatasi kwa ncha ya kalamu nyekundu. "Hapa juu umesema redio inaelimisha jamii. Hapa katikati, redio inaelimisha jamii. Na huku chini, Mama Evelina, nisome mimi au utasoma mwenyewe?"

Scholastika, mama yake Evelina, hakuhitaji kusoma. Huku chini nako redio ilikuwa ingali inaelimisha jamii.

"Nimesema mara tatu, Mwalimu," alinong'ona. "Ili wasikie."

"Wasikie akina nani? Msahihishaji ni mtu mmoja, na karatasi iko mbele ya pua yake."

Walikuwa wawili tu darasani, Jumamosi alasiri, pale Masasi. Madirisha yalikuwa wazi na yale majabali makubwa nyuma ya mji yalikuwa yakilirudisha joto yalilolinywa tangu asubuhi. Mwalimu Kulwa alikuwa Msukuma aliyeletwa kusini na ajira ya serikali. Siku za kazi alifundisha Kiswahili sekondari. Mwisho wa juma aliwasaidia watu wazima waliokuwa wakisoma kwa njia ya posta kozi ya uandishi wa habari ya chuo kimoja cha Dar es Salaam. Alikuwa mpole wa maneno, ila kalamu yake haikujua huruma.

Scholastika alikuwa mtangazaji. Si wa redio, wa gari. Kila mtu kuanzia Newala hadi Tandahimba aliijua sauti yake, hata wale ambao hawajapata kumwona. Alikaa mbele kwenye Land Rover ya dereva wake, Sultani, vipaza sauti viwili vikiwa vimefungwa juu ya paa, akasema kile alichopewa akiseme. Na tangu biashara ifunguliwe kwa watu binafsi, vya kusema vilikuwa tele. Wanunuzi wa korosho walikuja kila msimu na kila mmoja alitaka atangazwe kuliko mwenzake. Vyama vipya vya siasa navyo vilikuja, asubuhi hiki, jioni kile, na vyote Scholastika aliviitia watu kwa sauti ileile tamu bila kuona aibu. Mechi za mpira, mikutano ya halmashauri, misiba ya wakubwa. Kila jambo alilisema mara tatu. Ya kwanza ni ya walioko barabarani, ya pili ya wanaotwanga uani, ya tatu ya yule anayepanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani, ambaye upepo umemnyima nusu ya maneno. Anayetangaza mara moja, Sultani alipenda kusema, anaongea na injini.

Ndipo sauti ikaanza kumwacha. Ilianza kwa kukwaruza, ikawa inakatika katikati ya sentensi, mwisho ikawa haiamki asubuhi. Daktari pale hospitali ya Mkomaindo alimmulika kooni kwa muda mrefu, akamwambia ana vinundu kwenye nyuzi za sauti, na kwamba akiendelea kupayuka atabaki na mnong'ono maisha yake yote.

"Na kwaya, Daktari?"

"Hata kwaya, mama."

Alilia njia nzima kurudi Newala, tena akilia kimyakimya kwa kuwa hata kilio kilikuwa kimekatazwa. Mtu aliyezoea kusikika vijiji kumi anapoambiwa anong'one, ni kama amezikwa akiwa anaona. Hiyo ndiyo sababu alijiandikisha kwa ile kozi. Alitaka kuandika habari za huko juu uwandani, ziende magazetini. Siku hizo magazeti yalikuwa yakichipuka kama uyoga, na hakuna hata moja lililokuwa na mtu Newala. Kama mdomo umefungwa, mkono je?

Lakini mkono nao ulikuwa na adabu zake. Mwaka uliotangulia alifeli karatasi ya "Vyombo vya Habari na Jamii", ile yenye maswali ya kujieleza kwa kirefu. Kila jibu alikuwa amelianza kwa "Ndugu msahihishaji, habari za kazi, natumai u mzima wa afya," maana yeye hakulelewa kumvamia mtu na hoja kabla ya kumjulia hali. Baada ya salamu alisema jambo lake mara tatu, akashukuru, akatia sahihi. Chuo kilimruhusu kurudia mara moja tu. Mtihani wa Novemba ukimshinda, basi.

"Salamu umeacha, nakupongeza," alisema Mwalimu Kulwa. "Kurudia tutakuachisha. Lakini kuna jambo kubwa zaidi." Alivua miwani. "Ulivyoandika, kila kitu ni kizuri. Redio nzuri, gazeti zuri, watu wanasikia, watu wanatii. Swali limesema jadili. Anayejadili ana mtu wa upande wa pili mbele yake. Hoja isiyo na mpinzani, mama, ni tangazo."

Scholastika alicheka bila sauti. Alikuwa amekamatwa.

"Basi niambie," mwalimu alisema, "si cha kitabuni, chako. Ulipata kuona kwa macho yako kwamba maneno yana nguvu?"

Akamweleza habari za chanjo.

Ilikuwa Agosti, miaka miwili nyuma, wiki ya mwisho ya sauti yake. Idara ya afya ilimkodi awaite akina mama wenye watoto wachanga waje uwanja wa mpira Newala. Alizunguka na Sultani siku nzima, wakipita vumbi jekundu, sauti ikimchoma kooni. Kesho yake alfajiri alikwenda uwanjani akidhani atakuta watu wachache kwenye umande. Alikuta njia zote zimejaa. Walikuwa wanatoka kwenye mikorosho, wanapanda kutoka mabondeni, kanga kwa kanga, kila mgongo na mtoto, wengine walikuwa wametembea tangu usiku. Hawakuwa wakizungumza sana. Walikuja tu, wakaendelea kuja, mpaka nyasi za uwanja hazikuonekana tena. Scholastika alipanda juu ya bampa ya Land Rover ili aone mwisho wao, na mwisho haukuonekana.

"Ni mimi?" alimuuliza Sultani.

"Ni nani mwingine? Mimi naendesha tu."

Siku ile hakuweza kula. Aliogopa, si kwa ubaya, aliogopa kama mtu anavyoogopa akiwa kanisani peke yake. Alikuwa amesema maneno machache hewani, hewa ikayachukua, na maneno yakarudi yakiwa na miguu na watoto migongoni.

Mwalimu Kulwa aliiweka kalamu chini. "Hilo umeliandika wapi?"

"Sijaliandika. Nilidhani mtihani unataka mambo ya kitabuni."

"Mama Evelina, mtihani unataka hilo hasa! Liandike." Akavaa miwani yake, na Scholastika akajua kwamba bado hajaachiwa. "Sasa niambie. Nani hakuja?"

"Wote walikuja."

"Wote?"

Alifikiri. "Nandimba hawakuja. Nesi aliniambia, hakuja hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Sijui, Mwalimu. Labda hawakusikia."

"Labda," alisema Mwalimu Kulwa. "Nenda kawaulize."

Scholastika alikwenda Nandimba kwa miguu kutoka njia panda, bila Sultani, bila vipaza sauti. Watoto waliomwona walichungulia nyuma yake kutafuta gari. Alikuwa amepita kijiji hiki mara zisizo na idadi na hajawahi kukanyaga ardhi yake. Hakujua kwamba mchanga wake ni laini hivi, wala kwamba kila nyumba ina pipa kwenye kona ya paa likisubiri mvua.

Walimpeleka kwa Mama Dadi, kungwi wa kijiji, mwanamke mpana mwenye chale za zamani mashavuni, aliyekuwa akipepeta mtama barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Watoto wanasema wewe ndiye yule wa gari."

"Ndiye mimi."

"Wewe?" Mama Dadi aliuweka ungo chini. "Wewe mwenyewe? Mbona mdogo hivi! Miaka yote hii mimi najua ni pande la mwanamke." Alicheka hadi jirani wawili wakaja kuona kuna nini, nao wakamtazama Scholastika kuanzia utosini hadi kwenye ndala, wakaridhika kwamba kweli ni mdogo. Wakamletea ming'oko, vile viazi vya porini, ya moto kwenye sahani ya bati, wakakaa.

Aliwauliza habari za shamba, za watoto, za maji. Waliposhiba kujuliana hali, ndipo akanong'ona jambo lake. Mwezi wa nane mwaka juzi, siku ile ya chanjo, je, walisikia tangazo?

"Tulisikia," alisema Mama Dadi. "Mpaka kuku walisikia."

"Mbona hamkuja?"

"Siku ile tulikuwa tunatoa wari. Unyago ulikuwa umefika mwisho, mabinti wanatoka ndani, ngoma ziko tayari, wajomba wamefika kutoka Tandahimba. Tuuache uwanja tuje kwako?" Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama anayemweleza mgeni njia ya kisimani. "Nesi anarudi. Gari linarudi. Mwari hatolewi mara mbili."

"Na watoto?"

"Watoto tuliwapeleka wenyewe juma lililofuata, kwa miguu, wote wamechanjwa. Ulidhani hatuwapendi?"

Scholastika aliona haya. Ndivyo alivyokuwa amedhani, kidogo.

"Mngenieleza tu," alisema. "Ningewaambia watu wa afya wabadilishe siku."

Wanawake wale watatu walitazamana.

"Tungekuelezaje?" alisema Mama Dadi. "Ulikuwa unasema. Tulitoka barabarani tukakupungia mikono usimame, kijiji kizima. Ukatupungia na wewe. Tukapunga zaidi. Ukafurahi, ukageuza gari, ukapita tena."

Aliikumbuka mikono ile. Aliikumbuka vizuri sana, kwa kuwa siku ile aliihesabu kuwa ndiyo mapokezi mazuri kuliko yote, na alikuwa amemwambia Sultani, "Hawa Nandimba wananipenda, tuwazungukie tena." Kila alipochoka tangu hapo, aliikumbuka apate nguvu. Sasa aliurudisha mng'oko sahanini. Kumbe mikono yote ile ilikuwa ikimwambia jambo, naye amekaa juu ya sauti yake, hasikii!

"Kula, mwanangu," alisema Mama Dadi. "Umekuja sasa."

Jioni, akirudi njia panda, alisimama katikati ya mikorosho asijue kilichomshika. Haikuwa aibu peke yake. Pale uwanjani alikuwa amestaajabia umati. Hapa alistaajabia kitu kingine, kwamba nyuma ya kila kimya alichowahi kukipita kwa gari kulikuwa na nyumba, na ngoma, na sababu. Uwanda wote wa Makonde ulikuwa umejaa majibu ambayo hakuwahi kuyangoja. Alitamani kuvua ndala.

Siku ya mtihani Masasi iliwaka jua. Watahiniwa walikuwa wachache, wakatawanywa mbalimbali kama miche, na msimamizi asiyemjua mtu akagawa karatasi zikiwa zimefunikwa. Scholastika aliomba kimoyomoyo, akageuza.

"Vyombo vya habari vina uwezo wa kuwafanya watu watende. Jadili kwa mifano kutoka katika jamii unayoifahamu."

Alilisoma tena. Akapigia mstari "jadili", akapigia mstari "unayoifahamu", kama alivyofundishwa. Mkono ulitaka kumsalimu msahihishaji, akauzuia. Akaandika msimamo wake mwanzoni kabisa, bila kuzunguka: kwamba vyombo vya habari vina uwezo huo, lakini unaishia pale ambapo kusikiliza hakujaanza. Aliitazama sentensi hiyo. Haikuwa ya kitabuni. Alishangaa ilikotoka.

Aya ya kwanza ilikwenda kama maji. Aliandika uwanja wa Newala, umande, kanga, wanawake waliotembea tangu usiku. Alipomaliza kutoa mfano, alijiuliza swali ambalo Mwalimu Kulwa alimchosha nalo, "Kwa hiyo?", akalijibu: walikuja kwa kuwa tangazo lilitaja mahali, siku na sababu, na kwa kuwa sauti iliyowaita walikuwa wakiijua miaka mingi. Hapo ndipo mazoea yalimvuta sana. Alitaka kusema tena. Uwanja ulijaa, ungejaa zaidi akirudia! Kalamu ilikwisha kuandika "Kwa hakika walikuja" kabla hajaikamata. Akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja safi.

Kisha akaandika, "Hata hivyo," akatia mkato, akasimama.

Katika miaka yote ya gari hakuwahi kulitamka neno hilo. Tangazo halina hata hivyo. Njooni, hata hivyo msije? Mnunuzi angemfukuza kazi papo hapo. Alilitazama lilivyokaa peke yake mwanzoni mwa aya, na moyo ukamwenda mbio, kwa kuwa alijua likifuatwa na ukweli litaubomoa ule umati mzuri alioutengeneza juu yake. Au halitaubomoa? Alivuta pumzi.

"Hata hivyo, wanawake wa kijiji cha Nandimba hawakuja. Si kwamba hawakusikia. Walisikia kuliko wengine, maana gari lilipita kwao mara mbili. Walikuwa na shughuli ya kuwatoa wari, ambayo haiahirishwi. Walijaribu kumweleza mtangazaji kwa kumpungia mikono, naye akadhani wanashangilia. Chombo cha habari kinachosema tu huweza kuwajua waliokuja, lakini hakitawajua wasiokuja, wala hakitajua kwamba nao walikuwa wakisema."

Aliinua kichwa. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Kalamu zilikwaruza, nzi alizunguka dirishani, msimamizi alipiga mwayo. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Scholastika alikuwa amesema neno kubwa kuliko yote aliyowahi kuyasema kwenye vipaza sauti vya Land Rover, na hewa haikutikisika hata kidogo. Koo lake lilikuwa limepumzika, halimchomi popote. Machozi yalimtoka, akayafuta haraka kwa kiganja yasije yakadondokea wino.

Hitimisho lilikuwa fupi. Alikumbuka onyo la mwalimu kwamba kufunga si kurudia, akaandika tu kile ambacho mtu aliyekwisha kufika Nandimba angeweza kukisema na ambacho asingeweza kukisema kabla: kwamba nguvu ya chombo si ukubwa wa sauti yake tu, ni pamoja na muda wake wa kusimama na kusikiliza. Msimamizi alikusanya karatasi, akazitia ndani ya bahasha kubwa, akaifunga kwa gundi na mhuri. Karatasi ile ingesomwa na mtu ambaye hatamwona kamwe, na Scholastika hatajua kama huyo atatikisa kichwa kukubali au atapiga mwayo kama msimamizi huyu. Mwalimu Kulwa, aliyekuwa akimngoja nje chini ya ukingo wa paa, hakuuliza amefanyaje.

"Umerudia?" aliuliza tu.

"Mara moja, Mwalimu. Nikakata."

Basi lilipopanda mlima na kufika njia panda ya Nandimba, aliomba ashushwe. Alikuwa amemwahidi Mama Dadi. Jua lilikuwa bado juu kidogo, na wanawake wa kijiji walikuwa wamekaa uwanjani wakichambua korosho kabla ya kuzitia magunia, wengi, wametandaza mikeka hadi kule kwenye miti.

"Umetuandika?" aliuliza Mama Dadi.

"Nimewaandika."

"Umesemaje? Sema wote wasikie."

Scholastika aligusa koo lake, akatikisa kichwa. Mama Dadi akamsogezea kigoda, akainamisha sikio. "Niambie mimi."

Akamnong'oneza sentensi ya kwanza. Mama Dadi aliisikiliza hadi mwisho, akainua uso, akaitoa kwa sauti yake nene ya kungwi. Wa mikeka ya kati waliipokea, wakawageukia wa nyuma, na Scholastika akaiona sentensi yake ikienda kutoka mdomo hadi mdomo, ikipita juu ya vichwa na korosho, hadi kwa bibi wa mwisho kabisa chini ya miti. Alikuwa ameisema mara moja. Mwili ulimsisimka. Akanong'ona ya pili, nayo ikaenda. Alipofika kwenye hata hivyo, wengine wakaacha kuchambua. Alipofika kwenye mikono, mtu mmoja alicheka, kisha wote, na Scholastika naye akacheka nao bila sauti.

Kicheko kilipotulia, sauti ya kizee ilitoka kule nyuma.

"Siyo!"

Watu wakageuka. Alikuwa Bibi Yuliana, mwenye jicho moja lenye ukungu, korosho zikiwa zimejaa kwenye mapaja yake.

"Hiyo ni sababu ya Mama Dadi," alisema. "Mimi sina mwari. Mimi sikumpeleka mjukuu wangu kwa sababu yangu mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza."

Mama Dadi alifungua mdomo ajibu, lakini Scholastika alimshika mkono taratibu. Akainuka, akachukua kigoda chake, akapita katikati ya mikeka akiruka korosho za watu, hadi kule mwisho, akakiweka karibu kabisa na magoti ya bibi.